Uanzie wapi ukitaka kujua mwandishi alilenga nini: dibaji, maisha yake au maandishi yenyewe?

Kila aliyepita darasa la fasihi anakumbuka lile swali la "eleza lengo la mwandishi", na ukiangalia watu wanavyolijibu utakuta njia ziko tatu tu basi. Wapo wanaofungua dibaji kuona mwandishi mwenyewe kasema nini. Wapo wanaotafuta habari zake kwanza, kazaliwa wapi, alifanya kazi gani, alifungwa lini na nani alimfunga, alafu wanarudi kwenye kitabu wakiwa na jibu tayari. Na wapo wachache wanaokaa na maandishi yenyewe mpaka yaseme. Zote tatu zinafanya kazi, ila sio kwa kila kitabu, na shida ninayoiona ni kwamba watu wanachukua njia iliyo karibu yao badala ya ile inayokifaa kitabu walichonacho mkononi. Kwahiyo hapa nimezileta tatu zote tuzipime kwenye kazi ambazo wengi tunazijua, wewe utachukua itakayokufaa.

Niseme mapema mi niko upande gani ili usisome mpaka chini ndo ugundue: naanza na maandishi, tena naanza na swali moja tu, hapa anaambiwa nani, alafu maisha ya mwandishi, alafu dibaji mwisho kabisa. Ila kuna kazi ukizisoma kwa mpangilio huo unapotea kabisa na nitazitaja.

Kuanza na dibaji

Uzuri wake ni haraka. Kurasa mbili tatu umemaliza, mwandishi kakwambia mwenyewe, kama mtihani ni kesho asubuhi basi hamna njia nyingine ya kukuokoa. Na kuna vitabu dibaji ina kazi kweli, sio mapambo.

Chukua Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, ilitoka 1969. Ukiingia kichwa kichwa utaisoma kama somo la historia ya vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, utaanza kukagua kama huyu mhusika alikuwepo kweli, kama tukio fulani lilitokea hivo, na utachoka bure, maana mwandishi alishasema kwenye utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, asichukuliwe kuwa ndo yule wa historia. Yule wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, Wajerumani walimnyonga Agosti 1905 vita ikiwa ndo kwanza imeanza, ikaendelea hadi 1907 yeye hayupo. Wa kwenye tamthilia ni mtu anayeteswa na neno lake mwenyewe: maji yamewaunganisha watu waliokuwa hawaelewani, lakini hao hao watu sasa wanayaona maji kama kinga ya risasi na wanataka kwenda vitani nayo. Mwishoni wanamtaka aseme maji ni uongo, anakataa, kwa sababu akilikana neno atakuwa amewapokonya hata wale watakaokuja baada yake. Sasa ukiwa umesoma ule utangulizi unaacha kubishana na tarehe unaanza kubishana na swali lenyewe, je kiongozi anaweza kuwaunganisha watu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe ana wasiwasi nacho? Swali hilo nchi changa ya 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, ilikuwa na sababu nyingi za kulisikiliza. Hapo dibaji imekuokolea muda.

Ubaya wake sasa. Kwanza angalia jina lililoko chini ya hiyo dibaji, mara nyingi sio la mwandishi, ni la profesa fulani au rafiki yake au mhariri, na wewe unanukuu kama vile mwandishi ndo kasema. Pili, hata akiwa ni yeye, anaandika akijua nani ataipitia kabla yako: mchapishaji, watu wa mitaala, mkuu wa shule, na zama nyingine serikali yenyewe. Mtu hawezi kuandika ukurasa wa kwanza kwamba "nyie wakubwa ndo nawasema" alafu ategemee kitabu kitoke. Kwahiyo kadiri kitabu kinavyogusa wenye nguvu ndivyo dibaji inavyozidi kuwa na heshima na ndivyo isivyofaa kuaminiwa peke yake.

Tatu, mwandishi anaweza kusema lengo lake kwa sauti kubwa kabisa na bado watu wakalipeleka wanakotaka. George Orwell mwaka 1946 aliandika insha ya kueleza kwa nini anaandika, akataja sababu nne ambazo alisema zinakuwemo kwa kila mwandishi kwa viwango tofauti: kutaka aonekane ana akili na akumbukwe akifa, kupenda uzuri wa maneno na wa dunia, kutaka kuweka kumbukumbu ya mambo yalivyokuwa, na siasa kwa maana pana, yaani kutaka kuisukuma jamii ielekee upande fulani. Akasema wazi kwamba tangu 1936 kila alichoandika kwa uzito kilikuwa kinapinga udikteta na kinatetea ujamaa wa kidemokrasia. Sasa kitabu chake cha 1945, hiki ambacho sisi tunakijua kama Shamba la Wanyama kwa tafsiri ya Kawegere ya 1967, kilitengenezewa filamu ya katuni mwaka 1954 na hela ilitoka kwa siri CIA, shirika la ujasusi la Marekani, yaani kazi ya mtu aliyejiita mjamaa ikawa silaha ya kuupiga ujamaa wenyewe. Tamko lake halikumlinda na chochote.

(Kidogo tu nje ya mada: angalia zile sababu nne za Orwell, ya kwanza ni kujiona. Sijawahi kuona majibu ya mtihani yanayosema "mwandishi alitaka watu wajue ana akili" na nina hakika ingewekwa kosa, ila vitabu vya hivo vipo tele na unavijua.)

Kuanza na maisha ya mwandishi

Hii ndo tamu kuliko zote. Watu wanapenda habari za watu, na mwalimu akiingia darasani na stori ya mwandishi darasa zima linaamka.

Kuna kitabu ambacho bila hii njia huendi popote, nacho ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 alikuwa kijana wa miaka 22 hivi wa Mombasa, akaandika kijikaratasi kinaitwa Kenya: Twendapi?, kikiisema serikali ya chama cha KANU kwa jinsi ilivyokuwa inawabana wapinzani wake wa chama cha KPU. 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akakaa gereza la Kamiti na kwingine, sehemu kubwa peke yake, na mashairi aliyaandika kwa kuiba iba kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka 1973, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndo ilimfunga. Kaa na hiyo kidogo.

Sasa mle ndani kuna shairi la mamba. Mamba anajitapa, mkubwa, ana meno, ana ngozi ngumu, anajiona hamna wa kumfanya kitu, na msemaji anamkumbusha kwamba siku yake itafika. Ukimpa mtu shairi hilo bila jina wala mwaka atakwambia lengo ni kukemea majivuno, na hatakuwa amekosea, maana ushairi wa Mombasa tangu enzi za mshairi Muyaka huko umezoea kusema na wakubwa kwa kuzunguka, mtu anatajiwa mnyama au mti na wenye kuelewa wanaelewa. Ila atakuwa ameona nusu. Ukishajua ile karatasi ilikuwa karatasi gani na nani alikuwa nje ya mlango, lengo linabadilika kabisa: mtu aliyefungwa kwa kusema anasema tena, humo humo gerezani, na kule kuandika tu tayari ni jibu kabla hata hujafika kwenye maana ya beti. Hili huwezi kulipata kwenye maandishi peke yake hata uyakodolee macho mwezi mzima.

Wale wanadharia wa Marekani, Wimsatt na Beardsley, mwaka 1946 walisema kile alichokusudia mwandishi hakipatikani na wala hakifai kuwa kipimo cha kazi yake, na Mfaransa Roland Barthes akaja 1967 na habari za kifo cha mwandishi, na hawa ukienda chuo lazima ukutane nao. Nawaelewa, walikuwa wamechoshwa na watu wanaosoma wasifu badala ya kusoma shairi. Lakini ukiwafuata mpaka mwisho inabidi umtoe Abdilatif Kamiti umweke hewani, na mi hapo nashuka.

Ila lile lililowachosha lipo kweli na ndo ubaya wa njia hii. Ukianza na maisha kila kitu kinageuka kuwa maisha. Shaaban Robert alizaliwa 1909, alikuwa karani kwenye ofisi za serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, Kusadikika imetoka 1951, basi mtu anajumlisha haraka haraka: karani Mwafrika, chini ya Waingereza, miaka kumi kabla ya uhuru, jibu "mwandishi anapinga ukoloni", anafunga kitabu. Na hajakosea sana, shida ni kwamba amefunga kitabu. Nitarudi kwa hii sasa hivi.

Mfano mwingine wa jinsi watu wanavyokosea lengo ni Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971. Huyu kazaliwa Ukerewe 1944, kasoma seminari, na riwaya inaanzia huko huko Ukerewe ikiwa na msichana, ngono, mimba na mambo ambayo kwenye Kiswahili cha vitabu vya shule yalikuwa hayajazoeleka kusemwa wazi hivo. Ikapigwa marufuku mashuleni. Waliopiga marufuku walihukumu lengo kwa kuangalia kilichotajwa, kama kuna uhuni ndani basi mwandishi anafundisha uhuni, na waliokuja kuitetea baadaye wengi walisimama kwenye seminari, jamani huyu mtu wa dini hawezi kuwa na nia mbaya. Wote wamekwepa kusoma. Kitabu chenyewe kinakwambia mapema sana kwa nini kimeandikwa: Rosa anapata barua ya mvulana, baba yake Zakaria anampiga vibaya, na huyo Zakaria anayelinda heshima ya binti ni mlevi ambaye nyumba yake inamshinda. Binti anakua akiwa anaogopa tu, hamna aliyemfundisha kitu chochote kuhusu wanaume zaidi ya kipigo, kwahiyo siku anapotoka kwenye macho ya baba hana hata kitu kimoja cha kumwongoza. Unaona mwandishi anamtazama nani kwa hasira? Sio Rosa. Baadaye kitabu hicho hicho kikarudi mashuleni kama kitabu cha kiada na herufi zake ni zile zile.

Kuanza na maandishi yenyewe

Hii inachukua muda na ndo maana watu wanaikimbia. Huhitaji nadharia, unahitaji maswali machache na uvumilivu: anaambiwa nani, nani kapewa nafasi kubwa ya kusema na nani kanyamazishwa, kurasa nyingi zimetumika kwenye nini, kitu gani ungetegemea kiwepo alafu hakipo. Swali la kwanza ndo mama yao.

Kwa kulijaribu hamna pazuri kama Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, kutoka Pate. Mwanzoni tu mama anamwita binti yake, Mwana Hashima, asogee, aje na wino na karatasi, anamwambia amekuwa mgonjwa mwaka mzima na hajapata kumwambia neno la maana. Kwahiyo lengo limetangazwa beti za mwanzo, ni wosia, anaambiwa binti, na yanayofuata yanalingana na hilo: dini, adabu mbele za watu, alafu mume, jinsi ya kumpokea na kumtunza na kumridhisha. Msomaji wa leo anafika hapa anasema ah huyu anafundisha wanawake utii, na anaishia hapo. Endelea. Baadaye mama anaanza kusimulia ndoa yake mwenyewe na mumewe alivyokufa akiwa radhi naye, alafu dua, tena dua ndefu, inakula sehemu kubwa ya utendi, anawaombea watoto, ndugu, jamaa. Na kuelekea mwisho anayeambiwa amebadilika! Sio binti tena, ni wanawake wote, anawataka wausome, alafu anataja jina lake na mwaka wa kutunga. Mtu anayempa mwanae wosia wa chumbani hana haja ya kuweka jina na mwaka, binti anamjua mama yake. Kumbe toka mwanzo alikuwa anajua utendi utatoka nje ya nyumba, au alijua alipofika katikati, hilo mi siwezi kukuamulia, ila tayari una malengo mawili kwenye kazi moja na umeyapata kwa kufuatilia tu nani anaambiwa. Wapo hata wasomaji wanaoona kwamba mafunzo yale ya mume yana ujanja ndani yake, kwamba mama anampa binti namna ya kuongoza nyumba huku akionekana anatii. Mi sijashawishika moja kwa moja, lakini angalau hao wanabishana na beti.

Turudi Kusadikika kama nilivyoahidi. Ukiisoma kwa njia hii unasahau kwanza Waingereza. Kuna nchi iko angani, kuna mahakama, kuna mshtakiwa anaitwa Karama na kosa lake ni kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na anayemshtaki ni waziri Majivuno. Anaambiwa nani? Mfalme na baraza lake. Majivuno anasema mwanzoni alafu kitabu karibu chote kinachobaki ni cha Karama, siku sita mfululizo, na hazitumii kulia kwamba hana kosa, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kila upande kutafuta mema ya nchi, mmoja mmoja, wakateseka njiani, wakarudi na walichojifunza, na zawadi yao ikawa kifungo. Sita! Mwandishi angeweza kutosheka na wawili ukaelewa, kwahiyo kule kurudia kuna maana, anataka uchoke na dhuluma hiyo hiyo inavyojirudia mpaka uone sio bahati mbaya, ni desturi ya nchi. Na angalia kitu kingine: muda wote huo mfalme anasikiliza. Kitabu kizima kinatendeka ndani ya ile haki ambayo mshtakiwa ameshtakiwa kwa kutaka kuieneza, yaani haki ya mtu kujitetea mbele ya wanaomhukumu. Hapo hujataja ukoloni hata mara moja na umeshapata lengo ambalo ni zito kuliko lile la haraka haraka.

Ndo sasa ulete maisha yake. Karani wa serikali, 1951. Aah, kumbe ndo maana nchi iko angani, huwezi kumshtaki mtu kwa kuisema nchi isiyo na ardhi. Maisha yanakueleza kwa nini alijificha, hayakwambii alichokificha. Na ukifanya kwa mpangilio huu unaona pia kitu ambacho wale wa "anapinga ukoloni, nafunga kitabu" hawakioni, kwamba Kusadikika ina mfalme wake na mawaziri wake wenyewe, hamna mgeni aliyekuja kuitawala, kwahiyo siku Waingereza walipoondoka Desemba 1961 kitabu hakikuisha kazi.

Udhaifu wa njia hii nishautaja kwenye mamba, unaweza kuyakodolea maandishi ukapata nusu. Na udhaifu wa pili ni kwamba mtu akijiamini sana anaanza kuona vitu ambavyo havipo, kila mvua ni ishara, kila mlango umefungwa kwa sababu. Ukijikuta unasema "labda" mara nne kwenye aya moja, hapo sasa ndo wakati wa kwenda kuangalia mwaka na mahali.

Vile vya kuburudisha tu

Hapa njia zote tatu zinajibu kitu kimoja kwahiyo sikai sana. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, 1960, na Bwana Msa wake na kiko chake, au Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, 1974, na Willy Gamba, lengo kubwa ni usilale bila kumaliza ukurasa unaofuata. Ndio, kwa Musiba kuna mapambano ya ukombozi wa Afrika mle ndani na unaweza kuyaandikia, ila mwanafunzi anayelazimishwa kutoa "ujumbe" saba kwenye hadithi ya upelelezi anafundishwa kubuni. Kuburudisha ni lengo kamili. Na ni kazi ngumu, jaribu uone.

Na hizi za kwenye simu

Hapa ndo njia mbili zinakufa kabisa. Meseji ya kufowadiwa haina dibaji na haina mwandishi, imepita kwenye makundi sijui mangapi, aliyekutumia ni shangazi yako na yeye katumiwa na jirani. Umebaki na maandishi tu.

Chukua ile ya kawaida ya dawa, unaijua. Inaanza "Ndugu zangu, soma hii mpaka mwisho, inaweza kuokoa maisha ya umpendaye". Inakuja stori ya mama mmoja, mkoa haujatajwa, hospitali haijatajwa, alikata tamaa. Inakuja "madaktari hawapendi ujue haya". Orodha ya magonjwa kumi ambayo hayana uhusiano wowote, kuanzia sukari mpaka nguvu za kiume. Na mwisho kabisa, baada ya "sambaza kwa wengine upate thawabu", kuna namba ya simu na maneno "mzigo unafika popote ulipo". Sasa pitisha yale maswali. Anaambiwa nani, mtu mwenye mgonjwa nyumbani ambaye hela ya hospitali imeisha. Nafasi kubwa kapewa nani, yule mama asiye na jina. Nani kanyamazishwa, daktari, katajwa mara moja tu tena kama adui. Kitu gani hakipo, dozi, bei, madhara, jina la anayetengeneza. Kilichowekwa mwisho ni nini, namba. Ni tangazo la biashara lililovaa nguo za nasaha, na umelijua bila kujua kaliandika nani.

Makala za magazetini hivo hivo, zile zinazosifia benki au kiwanja cha nyumba kwa kurasa mbili na hamna hata mtu mmoja aliyeulizwa swali gumu. Wakati mwingine wanaandika kwa herufi ndogo juu kwamba imelipiwa, wakati mwingine hawaandiki. Na habari ya kweli kabisa, yenye tarehe na majina sahihi, bado inaweza kuwa na lengo la kukushawishi, angalia tu nani kanukuliwa kwanza na nani kawekwa aya ya mwisho kabisa "hakupatikana kwenye simu".

Sasa wewe uchukue ipi

Kama una mtihani na muda umeisha, dibaji, hatudanganyani, ila hakikisha ni ya mwandishi mwenyewe na uwe na tukio moja la ndani ya kitabu linaloikubali au linaloikataa, maana msahihishaji ameshaisoma hiyo dibaji mara mia na anachotafuta ni kama na wewe umesoma kilichobaki.

Kama unafundisha, usianze na stori ya mwandishi hata kama darasa limelala. Wape kipande kwanza bila jina, waulize anaambiwa nani, waache wakosee, alafu ndo uwaletee mtu mwenyewe na mwaka. Ukiwapa wasifu kwanza wote watakupa jibu moja na litakuwa la kwako. Isipokuwa mashairi ya gerezani, hayo anza na gereza.

Kama mnasoma kikundi, marafiki tu jioni, gawaneni: mmoja asome na dibaji, mmoja atafute maisha ya mwandishi, waliobaki wasijue kitu, alafu mkutane. Mtabishana vizuri sana, hasa kwa Rosa Mistika.

Kama unataka kuandika wewe mwenyewe, maandishi tu. Dibaji na wasifu vinakueleza mtu alitaka nini, ila namna alivyokufikisha pale iko kwenye sentensi zake.

Na kama hujawahi kujaribu lolote kati ya haya na unataka pa kuanzia: kwa dibaji chukua Kinjeketile, kwa maisha chukua Sauti ya Dhiki, kwa maandishi chukua Mwana Kupona, kwa sababu ni mfupi, beti zaidi kidogo ya mia, unaumaliza kwa siku moja hata kama Kiamu cha zamani, yaani Kiswahili cha Lamu, kitakusumbua mwanzoni. Tafuta chapa yenye maelezo ya maneno pembeni, alafu soma na kalamu, na kila anapobadilika wa kuambiwa weka alama.